Vijana wa Lamadi Tusiombe Boti, Tudai Ufundi wa Kuzichomelea



Vijiweni Lamadi hoja ni ileile kila siku: ajira hakuna, ziwa lipo, boti hatuna. Januari 2024 Rais alikuja Mwanza akazindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo, kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Baada ya hapo ubishi mitandaoni ukawa nani kapata, nani kakosa, nani kapendelewa. Hayo tuyaseme, ni haki yetu. Lakini kuna swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: boti ikitoboka, nani wa kuiziba? Na ya pili itatoka wapi?

Msimamo wangu ni huu. Kijana wa Lamadi asisimame kwenye foleni ya kuomba boti. Adai ufundi wa kuiunda, na hasa boti ya aluminiamu ya kuchomelea.

Kwa nini Lamadi? Kwa sababu katika mkoa wetu wote ni wilaya ya Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria, kupitia Ghuba ya Speke. Na Lamadi ni njia panda: huku Mwanza, huku Musoma, huku lami ya kwenda Bariadi. Mali inafika na mali inatoka. Mafundi wa kuchomelea mageti, grili na matela tunao. Yaani moto upo, mikono ipo, maji yapo. Kinachokosekana ni daraja la kuunganisha hivyo vitatu.

Na kwa nini aluminiamu? Mtumbwi wa mbao umetulea, hatuutukani. Lakini mbao nzuri za mvule na mninga zinazidi kuwa adimu, mbao huoza, na viungo vinahitaji kuzibwa kwa pamba mara kwa mara. Chuma kinapata kutu, halafu ni kizito. Piga hesabu na mimi: shiti ya chuma ya milimita 3, yenye upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, ina kilo 70 hivi. Ya aluminiamu ya ukubwa huohuo ina kilo 24. Boti nyepesi inahitaji injini ndogo, injini ndogo inakunywa mafuta kidogo, na hapo ndipo faida ya mvuvi inapopotelea kila siku. Kwenye maji baridi kama ya ziwa letu, aluminiamu inajijengea ngozi yake yenyewe, haihitaji hata rangi. Kule Alaska wavuvi wa samoni wanafanyia kazi boti za aina hii. Australia na New Zealand kuna watu wanaagiza shiti zilizokwishakatwa kwa ramani, wanaziunganisha wenyewe nyuma ya nyumba. Sio uchawi.

Lakini tusidanganyane, sio geti pia. Hapa ndipo wengi watapoteza mtaji wakikurupuka.

Kwanza, malighafi. Sufuria chakavu ukiyeyusha utapata sufuria nyingine, hupati boti. Fremu za madirisha nazo zimetengenezwa kwa kazi ya dirisha. Ndiyo maana fundi wake anafunga kwa skrubu na ribiti. Boti inataka shiti ya daraja la majini, yenye mchanganyiko wa magneziamu, inayojulikana kwa namba 5083 au 5052. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba, ondoka dukani.

Pili, moto. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini ile ngozi yake ya juu haiyeyuki mpaka zaidi ya 2,000. Fundi wa mageti akiijia kwa mashine yake ya kawaida, ndani kunamwagika kabla juu hakujafunguka. Anabaki na tundu. Inatakiwa mashine ya TIG yenye umeme wa AC, au ya MIG yenye bunduki ya kusukuma waya laini, pamoja na mtungi wa gesi ya agoni. Chuma lazima kisuguliwe kwa brashi ya waya ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, kifutwe mafuta, kisha kichomelewe siku hiyohiyo. Na huchomelei mstari mzima kwa mkupuo. Unashikiza kwanza kwa vidoto, unaruka kushoto na kulia, vinginevyo shiti itajikunja kama chapati.

Tatu, na hili ni la uhai. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji, mbao bado zinaelea na mtu ana pa kushika. Boti ya aluminiamu ikijaa maji inakwenda chini. Chukua boti ya shiti sita, kilo 145 hivi. Ndani ya maji bado inavuta kwa kilo 90 na kitu. Weka injini ya kilo 45, umefika karibu 140. Kwa hiyo unahitaji angalau lita 150 za hewa iliyofungwa au povu gumu ili boti yenyewe isizame, kabla hujamhesabu binadamu hata mmoja. Hayo ni madumu 8 ya lita 20, yaliyozibwa na kufungwa imara chini ya viti. Kwa watu, ongeza. Fundi atakayekwambia hayo ni mapambo, usimpe kazi.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati ya Ukara: kivuko cha abiria 101 kilibeba zaidi ya mara mbili yake, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kwa hiyo ninapotetea boti ya kuunda wenyewe, sitetei boti ya kukwepa ukaguzi. TASAC wakaitwe, waikague. Tunachodai ni wakaguzi wawafikie mafundi wadogo mapema, wakiwa na ushauri, wasisubiri kuja na faini chombo kikiwa kimeshamalizika.

Sasa pesa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya CAG kuanika vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarudi 2024. Mara nyingi kikundi cha vijana kinawaza bodaboda. Sina ugomvi na bodaboda, ila bodaboda ya kumi kwenye kijiwe kimoja inagawana abiria walewale. Mashine moja ya TIG, mitungi miwili ya agoni na mafunzo ya miezi kadhaa kwa vijana watano ni kitu kingine: hao wataunda boti, watakarabati za wengine, na hata ziwa likifungwa kwa uvuvi watachomelea matangi na bodi za magari.

Mtasema Simiyu hatuwezi. Vijana wa Maswa walitengeneza chaki. Mwanza pale, mikono ya Watanzania ilikuwemo kwenye kuunda MV New Mwanza, meli ya abiria 1,200. Uwezo upo, umekosa kupangwa.

Basi madai yetu yawe matatu, yanayoeleweka hata na diwani asiyetupenda. Halmashauri ya Busega itenge sehemu ya asilimia 4 ya vijana kwa karakana ya pamoja Lamadi. VETA ifundishe uchomeleaji wa aluminiamu, sio chuma tu, na FETA kutoka Nyegezi ilete watu wanaojua vyombo vya uvuvi. Na mikopo ya boti inayogawiwa Kanda ya Ziwa itenge idadi ya boti za kununuliwa kwa mafundi wa hukuhuku.

Na sisi tuanze na chombo kidogo cha mita nne. Kijazwe maji kikiwa nchi kavu, kila kiungo kinachovuja kikatwe na kurudiwa, ndipo kishushwe ziwani karibu na ufuko, watu wakiwa wamevaa maboya. Kikao kijacho cha kata, makamanda, twende na hesabu kwenye karatasi: bei tatu za shiti kutoka maduka matatu, bei ya mashine, majina matano ya walio tayari kujifunza. Ahadi ya jukwaani wanaweza kuikana. Karatasi yenye hesabu watalazimika kuijibu.