Mbabula isilale ndani

Montréal, Jumapili, 16 Aprili 2023

Jambo sana Mama. Jambo Yaya, jambo baba mdogo, jambo majirani wote wa mtaa wetu huko Kalemie ambao simu ya Yaya hupita mikononi mwao. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu neno langu ni refu, na kwenye simu Mama atanikata katikati aniulize kama nimekula. Yaya, soma kwa sauti, na usome mpaka mwisho.

Najua mlihangaika siku mbili bila kunipata. Jumatano tarehe 5 ilinyesha hapa mvua ambayo kwetu haina jina. Inashuka maji kama mvua yoyote, kwa sababu juu angani kuna tabaka la hewa yenye joto. Ila hewa ya chini ina baridi chini ya sifuri, basi tone likigusa kitu tu linaganda papo hapo. Si theluji. Theluji ni nyepesi, watoto huichezea. Hii ilivisha barafu kila tawi, kila waya, kila chuma cha ngazi, ikazidi unene saa baada ya saa. Mchana tukaanza kusikia miti inavunjika. Mlio wake ni wa bunduki kabisa, nami nikajikuta nimemvuta kitindamimba chini ya meza kabla sijafikiri. Ninyi mnajua kwa nini.

Matawi yaliangukia nyaya, na wateja wa umeme zaidi ya milioni moja wa Québec wakabaki gizani. Mtasema: umeme kukatika nako ni habari ya kuandikia barua? Huko Kalemie, umeme unaotoka Bendera ukikatika, mtu anawasha taa, anatoa kiti nje, na mbabula, lile jiko letu la makaa, inaendelea na kazi yake. Hapa jiko, maji ya moto na joto la nyumba, vyote vinategemea waya mmoja. Usiku wa kwanza kipimo kilisoma nyuzi 13 ndani ya nyumba. Usiku wa pili, 10. Tulilala watano kwenye godoro moja sebuleni, wakubwa pembeni, watoto katikati, makoti mwilini, na kile kitenge ulichonipa Mama kimetandazwa juu ya mablanketi yote.

Alhamisi jioni simu ilibaki na asilimia 9, nikakupigia, Mama. Ulisikia mtoto anakohoa, ukasema: “Hamna mbabula? Washeni makaa, muyaingize ndani, mfunge mlango.” Simu ikazima.

Tulikuwa na jiko la makaa la kuchomea nyama, limekaa roshani tangu mwaka jana. Mume wangu akaliwasha, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu kama tulivyofundishwa, akaliingiza jikoni. Siwezi kuwaeleza ile raha. Watoto walilizunguka wakinyoosha viganja. Nikainjika sufuria, maji ya bukari yakaanza kulia. Tangu tuje huku, nyumba hii haijawahi kunukia kwetu namna ile.

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa Kizungu anayekaa chini yetu, miaka yake imepita 80, tunasalimiana naye ngazini tu. Harufu ya makaa ilikuwa imemfikia. Hakusalimu. Alipita katikati yetu, akafungua dirisha, akatuonyesha kwa kidole: moto utoke. Nilikasirika, mtu kuingia nyumbani kwangu na kuwanyang'anya wanangu joto. Ndipo mtoto mkubwa akasema kichwa kinamuuma, na alipojaribu kuinuka miguu ikamlegea, akakaa tena sakafuni.

Baadaye, hewa ilipokuwa imesafika, bibi yule alitusimulia. Januari 1998 mvua kama hii ilinyesha siku kadhaa mfululizo, minara ya chuma ya umeme ikajikunja, na kuna watu waliokaa gizani zaidi ya mwezi. Wako waliokufa kwa baridi, na wako waliouawa na moto walioutafuta ili wasife kwa baridi. Safari hii pia, mzee mmoja nje ya Montréal amekufa kwa moshi wa jenereta aliyoiwasha garejini.

Sumu yenyewe inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Kinachonuka ni moshi, na sisi tumelelewa tukiamini kwamba moshi ukiisha hatari imeisha, wakati makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanaitoa kwa wingi. Ikiingia kifuani hushika damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu inazunguka mwilini bila kubeba hewa. Kichwa kinauma, mtu anataka kutapika, miguu inaisha nguvu, kisha anasinzia. Aliyekwisha lala haamki.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimfikiria yule mama mzazi wa nyuma ya kwetu.

Nilikuwa na miaka 11. Mvua ya usiku, na upepo wa ziwa. Alikuwa na kichanga cha siku sita, wakamwekea mbabula chumbani kama anavyowekewa kila mzazi, wakaziba dirisha kwa gunia. Asubuhi walikutwa wote wawili wamelala, hawana jeraha, hawana homa. Mbabula ilikuwa palepale katikati ya chumba, majivu yamepoa, na hakuna aliyeiangalia. Watu walitafuta mchawi, wakampata: bibi mjane wa nyumba ya pili, aliyeleta ndagala jioni ile na kumbeba mtoto. Mnakumbuka mawe juu ya mabati yake. Mnakumbuka alivyopanda treni kwenda Nyunzu na furushi moja kichwani. Mimi nilikuwa kati ya watoto waliomzomea mpaka kituoni. Nilikuwa na kopo, nikiligonga kwa kijiti.

Mama, neno lako la kwenye simu lilikuwa la mapenzi, silo ninaloandikia. Ila huko mvua bado hazijaisha. Mbabula ikae nje, chini ya paa la baraza. Mvua ikipiga sana hata ikabidi kupikia ndani, mlango na madirisha vyote viwe wazi, na asiwepo mtu anayelala nayo chumba kimoja. Mzazi apashwe joto kwa nguo na kwa chupa ya maji ya moto. Yaya, waambie akina mama wa kanisani, na wakunga, na vijana wanaopanga chumba kimoja cha kupikia na kulalia.

Kisha kuna yule bibi mjane. Nadhani hayupo tena, lakini binti yake alirudi Kalemie, alikuwa anauza samaki sokoni. Mama, nenda nyumbani kwake. Baba mdogo aende nawe, kwa sababu usiku wa mawe alikuwepo. Msitume mtu. Mwambieni mama yake hakuua, ilikuwa mbabula. Mwambieni na mimi ni nani, yule mtoto wa kopo, na kwamba akikubali nitamwandikia mwenyewe.

Umeme ulirudi Jumamosi usiku, kesho yake Pasaka. Mtoto hajambo, amerudi shule. Nangoja simu yenu mkitoka kwake.