Mrushaji au Mpigaji?

Katika mazoezi yetu ya kriketi kila mvulana hugombea gongo. Mpira wa kurusha huachiwa wadogo. Hayo si sawa. Januari 2023, katika Kombe la Dunia huko Afrika ya Kusini, wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walipata mikimbio 119 tu mbele ya Zimbabwe. Henriette Ishimwe akatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, Zimbabwe wakaishia 80. Kisha West Indies, mabingwa wa gongo, wakakwama kwenye 70, nasi tukawapita. Kweli, mwaka 2016 Eric Dusingizimana alipiga mipira saa 51 ili ipatikane fedha ya uwanja wa Gahanga, nami namheshimu sana. Lakini siku ya mechi nipeni warushaji.