Peugeot ya Shemeji Yarudi na Lori la Saruji

Julai mwaka jana shemeji yangu, mwalimu mstaafu wa Kajiado mjini, alishuka matatu hapa Kitengela bila kupiga simu. Alikataa chai. Alitoa simu mfukoni akanionyesha picha, nami nikadhani ni ya mjukuu. Kumbe ilikuwa Peugeot 504 rangi ya maziwa, imeegeshwa chini ya mti huko Kitale, kuku wawili wamelala juu ya boneti.

"Nimeinunua, shemeji," akaninong'oneza, kana kwamba dada yangu angemsikia kutoka Kajiado. "Shilingi 180,000. Nusu nimekwisha kutuma."

Alikuwa amebakiwa na 95,000 za akiba baada ya kutenga ile nusu ya pili. Katika hizo, 60,000 zilikuwa karo ya kitinda mimba wao, ambaye angejiunga na chuo cha ufundi Septemba. Mwenye brekdauni mmoja alikuwa amemtajia 75,000 kuileta gari hadi Kajiado. Nanyi mwajua hesabu. Ama karo iliwe, ama Peugeot izeeke na kuku wake.

Msimcheke mapema. Hii ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 aina yake ya milango miwili ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Wazee wetu wengi walisafiri kwenda mashambani ndani ya 504 za abiria, magoti yakiwa kidevuni. Siku hizi huwezi kuiagiza ng'ambo, kwani sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwenye kuitamani huitafuta vijijini, nayo aghalabu hupatikana mbali na nyumbani kwake.

Je, si aiendeshe tu? Hilo ndilo swali la kwanza kwa kila mtu. Kutoka Kitale hadi Kitengela ni zaidi ya kilomita 400, na gari lilikuwa limekaa miaka sita. Tairi huzeeka hata lisipotembea. Mpira hukauka na kupasuka ubavuni, wakati meno bado yanaonekana mapya. Mipira ya breki nayo huoza ndani kwa ndani. Sasa mpandishe huyo mlima wa Timboroa, kisha mteremshe hadi Nakuru nyuma ya matrela! La hasha.

Kuivuta kwa kamba basi? Hapa wengi huua gari zima wakidhani wanabana matumizi. Peugeot 504 husukumwa na magurudumu ya nyuma. Likivutwa injini imezimwa, magurudumu huzungusha sehemu ya giaboksi huku gia zinazorusha oili zimetulia, na mwendo ukiwa mrefu chuma husagana na chuma kikavu. Kwa magari mengi ya aina hiyo fundi hufungua propela shafti na mambo yakaisha, lakini ya 504 imefungiwa ndani ya bomba la chuma kutoka giaboksi hadi difu, na hiyo si kazi ya kandokando ya barabara. Isitoshe, injini ikiwa imezimwa breki hukosa msaada wake, na anayeshika usukani hukanyaga kama anayekanyaga jiwe.

Reli niliiwaza kwa mzaha tu. Ile ya Magadi hupita Kajiado mjini kweli, lakini hubeba magadi, haibebi Peugeot za walimu.

Jibu lilikuwa linapita mbele ya lango langu kila siku likitimua vumbi. Majirani zetu wa Athi River ndio wenye viwanda vya saruji, na malori huondoka huko yamejaa yakielekea Eldoret, Kitale na Bungoma. Yanarudi na nini? Mavuno yakiwa yamefika, kati ya Oktoba na Januari hivi, hurudi na mahindi na mwenye lori hana haja nawe. Lakini Julai mahindi ya Trans Nzoia yangali mabichi shambani. Lori hurudi tupu, na dizeli ya kurudi ni ya mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ukimpa 22,000 anakuona umetumwa na Mungu. Mwenye brekdauni hafanyi hivyo, kwa kuwa anatoka Nairobi mtupu kukufuata, nawe humlipia kwenda na kurudi.

Basi nilizunguka siku mbili kwenye maegesho ya malori. Madereva watatu walikubali mara moja, mmoja kwa 15,000 "bila bosi kujua." Huyo nilimkimbia. Ajali ikitokea, mwenye lori atasema hakujua lolote, nawe utabaki ukiandika barua. Afadhali kuongeza pesa kidogo uzungumze na mwenye lori mwenyewe, muandikiane karatasi yenye namba ya lori, namba ya kitambulisho cha dereva na hali ya gari siku ya kupakia, picha juu. Nusu ya malipo wakati wa kupakia, nusu gari likiteremka.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya senti ya kwanza kutumwa: logibuku ni ya nani?

Shemeji akanyamaza. Ilikuwa ya marehemu. Aliyeuza alikuwa mwanawe.

Nilimwambia wazi kwamba kwa sheria kijana huyo hakuwa na gari la kuuza. Mali ya marehemu husimamiwa na yule aliyepewa barua za usimamizi wa mirathi na mahakama, na ni yeye tu awezaye kukubali uhamisho wa umiliki. Ukishalileta gari nyumbani, umelala na jini. Ndugu mwingine anaweza kuamka kesho na kudai lilikuwa lake. Shemeji hakulala usiku huo, na nadhani nami sikulala vizuri. Kwa bahati familia ile ilikuwa imekwisha kwenda kortini kwa ajili ya shamba, na gari lilikuwa limeorodheshwa pamoja na ng'ombe. Msimamizi alikuwa mama mjane. Ile nusu ya pili ililipwa kwake mkononi, baada ya yeye kuidhinisha uhamisho kupitia akaunti yake ya NTSA katika eCitizen, na baada ya shemeji kupiga magoti akasoma namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi na kuilinganisha na ya kitabu. Naye mama alimkaribisha chakula.

Kupakia kulikuwa sinema. Lori la saruji halina ngazi, na kitanda chake kinamfikia mtu kifuani. Walilirudisha nyuma hadi likagusa ukingo wa udongo kandokando ya shamba, wakatandika mbao nene, na vijana wanane wakasukuma huku fundi akishika usukani. Kazi ya kufunga ndiyo iliyochukua muda. Ukifunga bodi, utajuta. Springi za 504 ni laini mno. Lori likirukaruka, gari hushuka na kupanda na mikanda hulegea. Funga magurudumu yenyewe, ukingie vigingi vya mbao mbele na nyuma, uweke gia na breki ya mkono, utoe waya mmoja wa betri na kuacha petroli kidogo tu kwenye tangi. Kisha simama baada ya kilomita ishirini hivi ukaze tena, maana hapo ndipo kila kitu huwa kimekaa mahali pake. Shemeji alitaka kulifunika kwa turubai. Utingo akamkataza, na alikuwa na haki: turubai likipigwa na upepo huparua rangi kama msasa. Kioo cha mbele tu ndicho kilichofunikwa, kwa blanketi.

Alisafiri ndani ya lori, nakala ya logibuku na mkataba wa mauzo zikiwa kifuani. Askari waliuliza mara mbili, wakasoma, wakawaachilia. Mizani ya Gilgil haikuwa na neno, kwani 504 ina tani moja na kidogo, na lori lilikuwa limezoea mzigo mara nyingi zaidi ya huo. Walifika Kitengela saa nane usiku.

Lori 22,000. Mbao, mikanda na vijana 6,500. Kuteremsha 2,000. Nauli ya kwenda Kitale 1,800. Jumla 32,300, na karo haikuguswa. Mipira ya breki, betri na bima ya mwezi mmoja dhidi ya madhara kwa watu wengine (hii ni lazima kisheria kabla ya kugusa barabara) vilipita kiasi kilichobaki, nikamkopesha elfu nne.

Dada alikuja Jumamosi kununua nguo sokoni, akaikuta Peugeot uani kwangu.

"Gari la nani hili?"

Nilitazama mawingu. Shemeji alitoka ndani taratibu kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Dada alilizunguka gari mara moja, akapitisha kidole kwenye taa ya mbele. Mwaka 1986 walitoka kanisani ndani ya 504 ya kuazima, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau.

"Baba Watoto, karo ya mtoto iko?"

Akamwonyesha salio kwenye simu. Akalisoma mara mbili.

"Twende basi kabla jua halijawa kali."

Kitengela hadi Kajiado ni kama kilomita 50. Walitumia saa mbili na nusu, kwa kuwa Isinya rejeta ilichemka na ikabidi ingojewe ipoe. Fundi aliyewafuata kwa pikipiki aliniambia kwamba dada alikaa kiti cha mbele njia nzima, mtungi wa maji wa lita tano mapajani, wala hakukubali uwekwe nyuma. Elfu nne zangu bado sijaziona.