Wacheni Kumeza Kamusi
Chuo niliacha, kamusi sikuacha. Kila asubuhi maneno 10 ya Kizungu na maana zake. Siku moja nikapata "notorious": anayejulikana sana. Fiti! Nikaliweka kwa barua ya kuomba kazi, eti mimi ni "notorious" kwa bidii. Mwenye kazi alicheka, na kazi ikaenda hivyo. Kumbe hilo ni neno la mwizi sugu!

Sasa wewe unayeposti "neno la siku" na maana moja kavu, unapoteza watu. Maana pekee haitoshi. Lisome neno ndani ya sentensi tano, uone linatembea na nani. Kwani Kiswahili ulifunzwa na kamusi? Mamako alisema "shika adabu", ukaelewa papo hapo.