Mama Alilala Usingizi, Mbwa Je?

Nilipokuwa nikisomesha fasihi katika skuli ya sekondari ya misheni, kuna hadithi fupi niliyokuwa nikiwasimulia wanafunzi karibu kila mwaka. Ni ya Mfaransa Guy de Maupassant, ya mwaka 1883, iitwayo "Une vendetta", yaani kisasi cha damu.

Mjane mmoja wa Bonifacio, kisiwani Corsica, mwanawe anauliwa kwa kisu. Muuaji anavuka bahari na kujificha Sardinia. Marehemu hakuacha ndugu wa kiume wa kumlipia kisasi. Kaacha mbwa tu. Basi mama anamfunga mbwa mnyororo na kumshindisha njaa. Anatengeneza mtu wa majani makavu, anamvisha nguo kuukuu za mumewe, shingoni anamzungushia soseji. Akimfungua, mbwa anairukia shingo. Miezi 3 kazi ni hiyo. Kisha mama anakwenda kanisani kuungama, anavuka bahari na mbwa wake, anamkuta muuaji kwenye kazi yake ya useremala. Mbwa anafanya alichofunzwa. Mama anarudi kwake, na usiku ule analala vizuri.

Hadithi inakwisha hapo. Wanafunzi wakisema, "Haki yake, mwalimu! Mwanawe yule!" Nami nikiwauliza: na mbwa je?

Mbwa hakuwa na ugomvi na mtu yule. Ugomvi kalishwa. Wapo wanaoona kwamba mwandishi anasifu kisasi, maana mama hapati adhabu. Mie naona gharama ipo, ila kabebeshwa mwengine.

Namkumbuka mbwa yule kila nikija Muscat kwa jamaa. Katika ukoo wetu ndugu wawili walikosana kwa nyumba ya urithi huko Unguja. Miaka mingi imepita, wenyewe wazee, mmoja hatoki kitandani. Lakini juzi harusini nimewaona wajukuu wao, waliozaliwa huku, wanapishana mlangoni bila salamu. Nikamwita mmoja, nikamuuliza mwenzako kakukosea nini? Akanijibu, "Sijui, babu. Tumeambiwa tu tusiwasemeshe." Wallahi nilikosa la kusema. Nyumba yenyewe hajawahi kuiona.

Sisemi aliyedhulumiwa anyamaze. Haki idaiwe kwa wazee, kwa kadhi, mahakamani. Dini imetupa ruhusa ya kudai, na kusamehe ikakuweka juu zaidi. Lakini dai ni lako, si la mtoto. Tukikaa kwenye sinia tukamtaja fulani kwa uchungu, mtoto anasikia, naye ana njaa ya kutupendeza. Huko ndiko kumfunza kuruka shingoni.

Sisi wazee tutalala, kwa usingizi au kwa mauti. Watakaobaki na chuki wasiyoijua asili yake ni wao. Kwa hiyo ukimpigia nduguyo simu wiki hii, hata kama bado mna kesi, mpe na mjukuu amwamkie.