Gemu za bure za PS Plus na Xbox: ni bure kweli?

Kila PS Plus na Xbox zinapolinganishwa, hesabu huwa ile ile: chukua gemu za mwezi, jumlisha bei zake za dukani, mwenye jumla kubwa ameshinda. Hiyo ni hesabu ya kujidanganya. Gemu ya dola 60 ambayo usingeinunua, na wala hutaicheza, kwako thamani yake ni sufuri.

Mimi nauliza swali moja tu: ukiacha kulipa, unabaki na nini?

Tuanze na Microsoft. Games with Gold ilipoanza mwaka 2013, gemu za Xbox 360 ulizochukua zilikuwa zako hata uanachama ukiisha. Za Xbox One hazikuwa hivyo: ukiacha kulipa, zinafungwa. Zile za 360 zilikuwa kuukuu, ni kweli, lakini kwa kipimo changu hakuna mpango uliozishinda. Ziliondolewa Oktoba 2022, na Septemba 2023 Games with Gold yenyewe ikafungwa, nafasi yake ikachukuliwa na Game Pass Core. Hiyo ilikuwa maktaba ya kuazima tu.

Sony nao? Gemu ya mwezi ukishaichukua hubaki kwenye akaunti yako, mradi unalipa. Wametoa za maana: Rocket League ilizinduliwa ndani ya PS Plus Julai 2015, na Fall Guys Agosti 2020. Lakini zote mbili baadaye zikawa bure kwa kila mtu, mwaka 2020 na 2022. Aliyesubiri hakupoteza kitu.

Sisi waandika programu tunajua jambo hili lilivyo ndani. Faili zote ziko kwenye diski yako, umezipakua kwa bando lako, kisha msimbo mfupi unakagua leseni: tarehe imepita? Kataa. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Na hapa ndipo penye mtego. Kadiri unavyokusanya gemu nyingi, ndivyo inavyokuwa vigumu kuondoka. Septemba 2023 Sony walipandisha PS Plus Essential ya mwaka kutoka dola 60 hadi 80. Oktoba 2025 Microsoft wakapandisha Game Pass Ultimate kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi. Mwenye gemu mia moja za kuazima atafanya nini? Atalipa.

Nintendo walipoanza Switch Online mwaka 2018, kwa dola 20 kwa mwaka, walikupa gemu za zamani za NES. Zilikuwa chache, lakini angalau bei haikuumizi.

Ushauri wangu: hesabu gemu ulizomaliza mwaka uliopita. Ukimaliza mbili kwa ada ya dola 80, kila moja imekugharimu dola 40, na si yako. Afadhali ungoje punguzo ununue. Ukimaliza ishirini, lipa bila wasiwasi.

Haya, wewe ulimaliza ngapi?