Uwanja Mpya wa Nairobi: Nani Aliulizwa?

Hakuna mpenda haki awezaye kukana kwamba jiji la Nairobi lilihitaji uwanja mpya wa michezo. Uwanja wa Taifa wa Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983. Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi, kule Kasarani, kilijengwa kwa msaada wa Uchina na kutumiwa katika Michezo ya Afrika ya 1987. Mkongwe wao wote, ule wa barabara ya Jogoo ulioitwa Uwanja wa Waafrika enzi za mkoloni na ambao wengi wetu tuliuzoea kwa jina la City Stadium, una umri kuliko Jamhuri yenyewe. Haya hayana ubishi, na wale wanaotuita maadui wa maendeleo kila tunapofungua kinywa wasitusingizie kwamba tunayabisha.

Tunachouliza ni kingine. Nani aliulizwa, nani atalipa, na je, mlalahoi anapata nini?

Mnamo Machi 2024 liliwekwa jiwe la msingi la uwanja wa Talanta, eneo la Jamhuri kando ya barabara ya Ngong: viti 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Kenya ilikabidhiwa pamoja na Uganda na Tanzania. Kazi ikapewa kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, na usimamizi ukawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Huenda tutaambiwa kwamba wanajeshi hutimiza kazi upesi. Huenda. Lakini wanajeshi pia hawana mazoea ya kuulizwa hesabu na raia, na hilo nalo halikosi faida kwa wanaopenda kimya.

Tuje kwenye fedha. Mwaka 2025 ziliuzwa hatifungani za shilingi bilioni 44.79 za kugharimia uwanja huo, zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Muda wake ni miaka 15, na faida aliyoahidiwa mwekezaji ni asilimia 15.04 kwa mwaka. Msomaji na achukue kalamu. Riba ya mwaka mmoja juu ya kiasi hicho, kabla mkopo wenyewe haujapunguzwa hata senti, ni takriban shilingi bilioni 6.7. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakuwa wamesoma uchumi katika chuo chochote, ila walijua wanachosema.

Na fedha za kulipa zitatoka wapi? Zitatoka katika Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hulishwa na kodi za kamari na bahati nasibu. Hapa nawaomba ndugu zangu wa makanisani wasikilize kwa makini. Kila Jumapili tunawaonya vijana wetu waache kamari, tunawaombea, tunawazika wengine waliojitoa uhai kwa ajili ya madeni yake. Halafu dola inafunga mkataba wa miaka 15 ambao ili ulipwe lazima vijana hao hao waendelee kucheza na kupoteza. Serikali iliyoweka rehani mapato ya kamari itakuwa na moyo gani wa kuipiga vita kamari? Sijasikia mhubiri akiligusa jambo hili mimbarani, nami nashangaa.

Wapo wanaosema kwamba mpango huu si deni la taifa, kwa kuwa hatifungani zimetolewa na chombo maalumu na si na Hazina Kuu yenyewe. Mimi ni mwanasheria, na hoja za namna hii nimezizoea. Kwa kawaida huletwa na mteja ambaye hataki jambo lake lifike mahakamani. Kifungu cha 214 cha Katiba ya 2010 kinalieleza deni la umma kuwa ni wajibu wote wa kifedha utokanao na mikopo na dhamana zilizotolewa au kudhaminiwa na serikali ya taifa. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika kila jambo la fedha za umma. Ikiwa kodi ndiyo italipa, na anayetoza kodi hiyo ni serikali, mwananchi ana haki ya kuuona mkataba, liitwe deni au liitwe jina jingine lolote.

Turudi uwanjani. Oktoba 2010 watu saba walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Nyayo, siku Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, Shirikisho la Soka la Afrika lilipunguza idadi ya watazamaji waliokubaliwa Kasarani hadi 27,000, baada ya watu wasio na tiketi kuvamia malango. Miaka kumi na mitano imepita kati ya msiba ule na aibu hii, na ugonjwa ni ule ule: malango, tiketi, askari wasiojua kuongoza umati ila kuupiga. Ugonjwa huo hautibiwi kwa saruji. Utahamia Jamhuri pamoja na mashabiki.

Tena uwanja ambao mwenyewe haulizwi hugeuzwa chochote. Aprili 2014 Kasarani ilifanywa korokoro la maelfu ya watu waliokamatwa katika msako, wengi wao Wasomali, na serikali ikautangaza uwanja wa michezo kuwa kituo cha polisi.

Tulipokatazwa kuuliza zamani, walikuwapo waliouliza. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, pamoja na sanamu ya Rais, kwa mkopo wa kigeni. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa Bungeni, akaendelea kuandika. Jumba halikujengwa, na bustani ipo hadi leo. Kesi ya Talanta ni tofauti, maana uwanja unahitajika kweli na haifai kuutakia kuanguka. Lakini haki ya kuuliza ni ile ile.

Basi na tudai haya, katika vikao vya parokia, katika mabaraza ya mitaa, na mahakamani ikibidi. Mkataba wa ujenzi na ratiba ya malipo ya hatifungani vichapishwe vyote, bila kurasa zilizofutwa, kwa mujibu wa Kifungu cha 35. Itangazwe ni nani atakayeutunza uwanja baada ya 2027 na kwa fungu gani la bajeti, kwa maana Nyayo na Kasarani zilichakazwa zaidi na kukosa matunzo kuliko umri. Na kabla riba ya mwaka wowote haijalipwa, Hazina ya Michezo itenge kwanza fungu la City Stadium na la viwanja vya mitaa ya Mashariki mwa jiji, pamoja na hatimiliki zake, kwani ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikwisha kutueleza ardhi ya umma isiyo na mlinzi huishia mikononi mwa nani.